Kadi Iliyojifanya Diski

Barua ya mkaguzi ilinikuta na mswaki mdomoni. Ilikuja kwa baruapepe, asubuhi, nami nikaisoma kwenye simu nikiwa nimesimama kibarazani pa nyumba niliyopanga huko Chaani, Changamwe. Ilikuwa barua ndefu, yenye adabu nyingi, na nilipofika katikati yake nilitema povu la dawa ya meno kwa hasira, likaangukia kanga ya jirani iliyokuwa imeanikwa. Nilimwomba jirani radhi, nikaifua kanga ile mwenyewe, na hasira bado haikuisha.

Barua ilisema kwamba kifaa tulichokiombea hataza hakikuwa kipya. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mtu aliyebuni kitu ambacho hakijawahi kuwapo, ili mwingine asikitengeneze bila idhini yake. Kabla ya kuitoa, ofisi humkabidhi mkaguzi maombi yako, naye hupekua maandishi ya dunia nzima akitafuta kama kuna aliyekutangulia. Mkaguzi wetu alikuwa amepekua na amepata. Huko ng'ambo, kampuni ambayo hatukuwahi kuisikia ilikuwa imekwisha kueleza kadi ya mtandao inayojifanya diski, tena mapema kabla yetu.

Nasema yetu kwa sababu tulikuwa wanawake wawili. Mwenzangu ni binti wa Timbwani, kule Likoni, wa ukoo wa zamani wa Mombasa, mtu wa buibui safi na maneno yaliyopangika. Mimi wazazi wangu walishuka kutoka bara kufuata kazi ya reli, nikazaliwa na kukulia hapa Changamwe kati ya watu wa kila kabila. Tulijuana chuoni, ambako alikuwa akinicheka Kiswahili changu mbele ya darasa zima, nami nikimcheka kwa kuogopa panya. Baadaye tukafungua duka la ufundi wa kompyuta karibu na yadi za makontena. Mpaka leo hajaacha kunicheka. Husema mimi ni moto wa kifuu, nawaka ghafla na kuzimika ghafla, na ni kweli.

Wateja wetu wengi ni ofisi za uwakala wa forodha, zile zinazowatolea watu mizigo bandarini. Katika ofisi hizo kompyuta hazifi kwa uzee, zinakufa kwa diski. Diski ndiyo sehemu ya ndani inayoweka kumbukumbu zote, na pale ilikuwa ikila vumbi la matrela mchana kutwa, joto, na hewa ya chumvi. Kila wiki tulikuwa na mtu mlangoni amekumbatia kompyuta, akituuliza kama hati zake za mzigo zinaweza kuokolewa. Mara nyingi hazikuweza. Nilichoka kuwa mtu wa kuwapa watu habari mbaya.

Ndipo tulipoamua kuzihamisha diski. Tuliziweka zote pamoja katika chumba kimoja chenye ubaridi na betri kubwa, na kila kompyuta tukaichomekea kadi ya mtandao tuliyoiunda wenyewe. Kompyuta ikiwashwa huuliza diski yangu iko wapi, na kadi hujibu, mimi hapa. Kompyuta haina habari kwamba kila inachokiandika kinasafiri kwa waya hadi chumba kingine. Inaamini inaandika ndani ya tumbo lake mwenyewe. Siku ilipodanganyika mara ya kwanza mwenzangu alipiga kigelegele, na fundi wa matairi wa mlango wa pili akaja kuuliza ni nani anayeolewa.

Basi barua ile ilikuwa inakataa kigelegele kile. Lakini hilo silo lililoniuma zaidi. Mwenzangu ana kaka yake Maskati, na kaka huyo alikuwa amemtafutia kazi katika ofisi ya kompyuta ya huko. Mama yao, ambaye ni mjane, aliliunga mkono jambo hilo kwa sauti. Kila nilipokwenda Timbwani aliniambia kwamba duka la kufungua na kufunga si maisha ya msichana aliyesoma, na kwamba Maskati kuna kazi ya heshima na ndugu wa kumtazama. Mwenzangu aliwaomba wamngoje hadi hataza ijibiwe. Kulikuwa na karakana moja ya vifaa vya umeme iliyokuwa tayari kuunda kadi zetu kwa wingi mara tu haki yake itakapokuwa mikononi mwetu. Ikikubaliwa, atabaki. Ikikataliwa, atakwenda kwa kakake, na duka litafungwa, kwa maana peke yangu siliwezi na wala silitaki.

"Nimewapa neno langu," aliniambia wakati ule. "Wanijua. Neno langu silivunji."

Ninamjua, na ndiyo sababu niliogopa.

Nilifika dukani nikiwa nimeshamtukana mkaguzi kimoyomoyo kutoka Chaani mpaka mlangoni. Nilimkuta mwenzangu ameshaisoma barua na sasa anasoma ile hati ya ng'ambo ambayo mkaguzi aliiambatisha. Nilizunguka zunguka nikisema ni wizi, kwamba watu hao wakubwa wana njia zao za kuchungulia kazi za wadogo, kwamba mkaguzi hajaelewa hata nusu ya tulichokiandika. Yeye aliendelea kusoma. Nilipoishiwa na pumzi ndipo akanigeuzia skrini.

"Hawakutuibia, shoga. Walitutangulia."

Niliitazama michoro yao. Kulikuwa na kompyuta, kuna kadi, kuna waya, kuna diski zilizokaa mbali, na mishale inayoonyesha kompyuta ikiuliza na kadi ikijibu. Kadi yao ilikuwa inaidanganya kompyuta vilevile kama yetu, tena kwa ufundi zaidi, kwa ajili ya majengo makubwa yaliyojaa mashine. Niliona wivu, na juu ya wivu niliona aibu, kwa maana miezi mingi nilikuwa nikitembea Changamwe kifua mbele nikidhani hakuna mtu duniani aliyewahi kuwaza hivyo. Nilienda nyuma ya duka nikakaa juu ya debe. Hasira ilikuwa imekwisha, na ningependa ingebaki, kwa kuwa huzuni iliyokuja mahali pake ilikuwa mbaya zaidi.

Wakala wetu wa hataza alikuwa mwanasheria wa Nairobi ambaye tulimjua kwa sauti tu. Alitushauri tuombe kikao na mkaguzi kwa njia ya video, tujieleze kabla hajaandika uamuzi wa mwisho. Kisha akatupa onyo. Katika maombi ya hataza kuna sehemu inayoitwa madai, ambapo unataja hasa kile unachosema ni chako, na kuna maelezo na michoro inayofafanua kifaa chote. Madai yanaweza kurekebishwa. Lakini huwezi kuyatia kitu ambacho hakikuwamo katika maombi siku ulipoyawasilisha, hata kama ni kitu cha kweli, hata kama ulikisahau tu. Alisema hivyo kwa upole, kama daktari, nami nikamwambia ahsante na nikakata simu kabla sijasema jingine.

Siku zilizofuata nilijiandaa kwa vita. Nilipima kasi ya kadi yetu, nikachora majedwali, nikakusanya hoja za kuonyesha kwamba yetu ni nyepesi na ya haraka. Mwenzangu alinisaidia kwa uaminifu, lakini nilimwona pia akifanya jambo jingine. Kila jioni kabla ya kufunga alikuwa akipanga vitu. Jumatatu nilimkuta ametenga bisibisi zake na zangu, kila fungu upande wake wa meza. Nilizichanganya tena alipokwenda kuswali. Aliporudi aliziona, na hakuzitenga tena siku hiyo.

Siku ya kikao nilishikilia kwamba tutumie kompyuta ya dukani ambayo ilikuwa na kadi yetu ndani. Ulikuwa ubishi mtupu. Nilitaka mkaguzi azungumze nasi kupitia kadi aliyoikataa bila yeye kujua, na jambo hilo lilinifurahisha kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu. Mwenzangu alikaa kulia kwangu akiandika muhtasari wa mazungumzo. Mwanasheria alikuwa upande mmoja wa skrini, na upande wa pili akatokea mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani na sauti ya kituo, akitusalimu na kutuita waombaji.

Nilianza na kasi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha ukurasa wa hati ya ng'ambo ambapo kasi ile ilikuwa imeelezwa. Nikasema yetu ni nyepesi. Akanionyesha aya nyingine. Nikasema yetu inatumika katika ofisi ndogo, akajibu kwamba kukipeleka kifaa kilekile mahali padogo hakukifanyi kiwe kipya. Hakuwa na kiburi hata chembe, na hilo lilinikera zaidi. Sauti yangu ilianza kupanda. Mwanasheria alikohoa mara kadhaa, na mwenzangu chini ya meza alinikanyaga mguu. Nilikuwa najua kwamba tunashindwa, na najua kwamba yeye alijua.

Mkaguzi alikuwa anaanza kusema kwamba, kwa kuzingatia hayo yote, haoni njia nyingine, na hapo taa ikafifia.

Mtu wa kwetu akiona taa inafifia hangoji kuelezwa. Stima ikipungua namna ile, mara nyingi hurudi kwa kishindo, na ikirudi kwa kishindo haiondoki mikono mitupu. Kila nyumba ina hadithi ya friji iliyoungua, au televisheni, au redio ya marehemu babu. Kwa hiyo wote tumejifunza kukimbilia soketi na kuchomoa. Nimeona kasisi akiacha mahubiri akachomoe kinanda. Nimeona bi harusi akiinuka na nguo yake yote ili achomoe kipaza sauti kabla hakijatoa moshi. Hatufikirii tunapofanya hivyo, mkono unakwenda wenyewe.

Mkono wa mwenzangu ulikwenda wenyewe. Aliinuka mkaguzi akiwa katikati ya sentensi, akainama, akachomoa. Skrini ikawa nyeusi. Mkaguzi akapotea, mwanasheria akapotea, na dukani ikabaki sauti ya mtu wa matairi akigonga chuma kule nje. Nilimtazama mwenzangu. Yeye alikuwa anaitazama plagi mkononi mwake kana kwamba imetoka mbinguni.

Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Alivumilia yote. Taa ilipotulia alirudisha plagi, kompyuta ikawaka, na ule muhtasari aliokuwa akiuandika ukafunguka pale alipouachia, na neno la mwisho likiwa nusu. Hatukulitazama mara mbili. Kwetu hilo lilikuwa jambo la kila siku. Tulichohangaikia ni kurudi kwenye kikao kabla hatujahesabiwa kuwa tumekimbia.

Tuliporudi nilianza kusingizia mtandao. Mwenzangu hakunipa nafasi.

"Samahani sana, bibi mkaguzi," alisema. "Mtandao hauna makosa. Nimechomoa mimi."

Mkaguzi aliuliza kwa nini. Mwenzangu akamweleza habari ya taa, na kishindo, na friji, polepole, kama mtu anayemsimulia mgeni desturi za nyumba. Mkaguzi, ambaye kumbe alikulia mji wenye baridi na stima zake ni za namna nyingine, aliuliza kama hata wateja wetu hufanya hivyo. Mwenzangu akasema wote, karani, bawabu na meneja, na wengine huchomoa hata taa isipofifia, wakiona tu wingu la mvua. Mkaguzi hakucheka. Alivua miwani yake, akaifuta, akairudisha.

"Kompyuta mliyochomoa sasa hivi ina kadi hii ndani?"

Nikakiri kwamba inayo. Mchezo wangu ulikuwa umejulikana.

"Na mlichokuwa mkiandika?"

"Kipo chote," mwenzangu akasema.

"Kwa nini kipo? Kompyuta ikikosa umeme, kadi iliyo ndani yake nayo hufa. Hii kadi ya ng'ambo ingekufa, na kilichokuwa njiani kingepotea."

Hapo nilicheka, si kwa dharau, ila kwa sababu swali lilikuwa rahisi baada ya yale magumu yote. Nilimwambia kwamba yetu haifi kwa sababu inakula kwa jirani. Ule waya wa mtandao unaotoka chumba cha diski unaleta pia umeme kidogo, kutoka kwa ile betri kubwa, na kadi inaishi kwa umeme huo, haitegemei kompyuta iliyoibeba. Mtu akichomoa, kompyuta inazimika lakini kadi iko macho. Inamaliza kupeleka kila ilichokabidhiwa, inafunga kazi vizuri, kisha inangoja. Tulifanya hivyo tangu mwanzo kabisa, kwa maana kwa wateja tulio nao kadi isiyovumilia kuchomolewa isingemaliza wiki. Hatukuliona kuwa ubunifu. Tuliliona kuwa akili ya kawaida tu.

Mkaguzi akauliza jambo hilo liko wapi katika madai yetu.

Halikuwamo. Nilijua bila kufungua kwamba halikuwamo, kwa sababu madai niliyaandika mimi, nikayajaza udanganyifu wa kadi, ule niliouonea fahari, na kuchomoa sikukutaja kabisa. Nani aandike katika karatasi za serikali kwamba watu huchomoa plagi? Mkaguzi akauliza tena, na katika maelezo na michoro? Hapo sikuwa na hakika. Nilikumbuka tu kwamba mwanasheria alinilazimisha kueleza kila mstari katika kila mchoro, nami nilinung'unika mchana kutwa nikisema ni kazi ya kujaza kurasa. Nilimgeukia mwenzangu. Alikuwa amefumba macho na midomo yake inacheza, anasoma dua.

Tulimsikia mwanasheria akifunua karatasi. Alifunua kwa muda ambao nisingependa kuupitia tena. Halafu akasema mchoro wa tatu, upo mstari unaotoka tundu la waya hadi sehemu ya umeme ya kadi, na maelezo yake yapo, sentensi moja. Akaisoma. Inasema kwamba kadi hupata umeme wake kwa njia ya waya wa mtandao, ili iweze kukamilisha uandishi pale mtumiaji anapochomoa kompyuta ghafla. Mimi ndiye niliyeiandika, na sikukumbuka hata neno moja lake.

"Kuwaandikia madai si kazi yangu," mkaguzi alisema, "na siwaahidi kitu, itabidi nitafute upya. Ila mpaka sasa sijaona popote mtu aliyefikiria kuchomoa."

Kikao kilipokwisha mwenzangu alinyoosha mkono na kuniuliza kama bado ninataka kumtukana kwa ajili ya plagi. Nilimwambia nitamtukana siku nyingine.

Kuandika madai mapya kulikuwa na uchungu wake. Ilibidi tukubali kwa maandishi kwamba kadi inayojifanya diski si yetu, ni ya waliotutangulia, na sisi tunadai tu kile kipande cha kula kwa jirani na kumaliza kazi baada ya kuchomolewa. Nilitokwa na machozi nikifuta aya nilizozipenda, sitaficha. Mwenzangu aliketi karibu nami akinisomea kila neno kwa sauti ili tusiseme zaidi ya kilichomo. Madai yalitoka mafupi, na ya kweli, na mwanasheria akayapeleka.

Kisha tukangoja. Maskati hawakungoja. Kaka mtu aliendelea kupiga simu, mara barua ya kazi imetoka, mara inatakiwa picha ya pasipoti. Mwenzangu alikwenda kupiga picha, kwa sababu hataki kuonekana anamvunjia kakake heshima. Mama yake aliwatangazia majirani wote wa Timbwani kwamba binti yu njiani. Nilikwenda kumsalimu Jumapili moja baada ya kanisa, akanieleza tena, kwa sauti ileile kubwa, habari ya majengo ya huko na barabara zake, hata nikaona kwamba ananifukuza mimi katika maisha ya mwanawe. Nilikula alichonipa nikaondoka mapema. Niliumia, na sikumwambia mwenzangu.

Jibu lilinikuta chini ya meza. Nilikuwa katika ofisi ya yadi moja nikivuta waya, uso wangu karibu na viatu vya karani, simu ikalia na nikaona ni mwanasheria. Alianza na salamu, na hali ya hewa, na familia, hata nikafikiri anatafuta namna ya kunipa pole. Ndipo akasema, "Madam, wamekubali." Nilimwomba arudie. Akanisomea, pole pole, kwamba mkaguzi ametafuta upya, hakuona kilichotangulia, na hataza itatolewa kwa madai yetu kama yalivyo. Nilitaka kusimama nikagonga kichwa kwenye meza. Nikakaa palepale chini, nikilia na kucheka, na karani akainama kuniuliza kwa hofu kama nimepigwa na stima.

Dukani nilimkuta mwenzangu na mteja. Nilimwambia mbele ya mteja, sikuweza kungoja. Alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo sana, akavuta kiti, akaketi, akamwomba mteja ampe dakika. Nilidhani atapiga kigelegele. Badala yake aliushika uso wake kwa mikono miwili.

"Sasa mama nitamwambiaje?" aliuliza. "Ameshawaambia mtaa mzima."

Tulikwenda pamoja jioni ileile, tukapitia barabara ya Dongo Kundu ili tusingoje kivuko cha Likoni. Njiani nilipanga maneno. Nilijiona kama mtu anayekwenda kumposa binti wa watu bila mshenga. Nilikusudia kumwambia mama kwamba kosa ni langu, kwamba karakana imeshathibitisha kuwa itaunda kadi zetu, kwamba nitamtunza mwanawe kama ndugu yangu, na akinifokea nitainamisha kichwa tu.

Alikuwa uani akichambua mchele. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Mwenzangu aliketi mkekani karibu naye na kumwambia kwa ufupi kwamba ile hataza imekubaliwa na kwamba yeye, kwa hivyo, hatakwenda. Mama aliacha kuchambua. Mikono ilibaki ndani ya ungo. Mimi nikarukia, nikaanza hotuba yangu yote kwa pamoja, kosa langu, karakana, undugu, hadi akainua kiganja kuninyamazisha.

"Imekubaliwa kabisa? Hawageuki tena?"

Nikamwambia hawageuki.

Aliweka ungo chini. Kisha akajifunika uso kwa leso akalia, kilio cha mtu aliyekizuia muda mrefu, mabega yakitikisika. Mwenzangu alimshika akaanza kumwomba msamaha, mama nisamehe, nitampigia kaka, nitakwenda ukitaka. Mama akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Kila swala nalikuwa nikiomba ikubaliwe," alisema. "Wallahi kila swala. Kakayo akipiga nasema naam, na aende. Majirani nawaambia yuwaenda. Ningesemaje, mwanangu? Nalijitia kutaka uende, usije ukabaki kwa kunihurumia mimi."

Mwenzangu alilaza kichwa kwenye paja la mama yake, kama mtoto, na mchele ukamwagika mkekani. Niliinama nikaanza kuukusanya punje kwa punje kwa sababu sikujua pa kutazama. Machozi yangu yalikuwa yanaingia humo humo, na nilikuwa na raha ambayo sijapata kuwa nayo kabla ya hapo wala baada.

Mama alipotulia alijifuta macho, akaomba simu, akampigia mwanawe mwenyewe. Aliongea kwa ile sauti yake kubwa, ya kusikika nyumba ya tatu.

"Dadayo haji," alimwambia. "Ana kazi huku."